Keki ya Ghorofa Tatu

Ragnhild alikuwa akichomeka vijiti katika ghorofa ya chini ya keki. Bila vijiti, keki laini kama sufi haiwezi kubeba ghorofa nyingine mbili.

Bibi harusi akaingia jikoni. Walikuwa marafiki tangu utotoni hapo Bergen, mpaka alipomnyang'anya Ragnhild mume.

“Shoga, huna kinyongo lakini?”

“Kinyongo cha nini? Yaliyopita si ndwele.”

“Afadhali. Mume alikushinda, labda keki utaiweza.” Akacheka, akachota krimu kwa kidole, akakilamba, akatoka.

Ragnhild alilitazama shimo la kile kidole. Kisha akachomoa vijiti, kimoja kimoja, akapandisha ghorofa mbili za juu, akafungua mlango.

“Shoga, njoo uibebe mwenyewe. Wageni wakuone.”