Mnanaha wa Mzee Crispus

"Baba Wakesho, kimbia! Mwingine amekula mnanaha!"

Crispus alitupa jembe akateremka mbio kutoka shambani. Alimkuta mkewe, Mable, amemkalia mbuzi mgongoni na kumshika pembe kwa mikono miwili. Mbuzi alikuwa akirusha miguu, povu limemjaa mdomoni hadi kidevuni.

"Jamani, tena yule mnono!" Crispus alikaribia kulia.

Huyo alikuwa mbuzi wa tatu tangu mwaka huo wa 1954 uanze, na zizini walibaki kumi na mmoja tu. Iliuma sana, maana Crispus hakuwa mtu wa kuchinja. Hata Krismasi alikula maharagwe, na wageni wake wakala maharagwe. Mbuzi, alisema, ni wa kutazamwa.

"Achinjwe upesi asife kibudu," alisema Mable, akihema.

Kwa bahati Mbaruk, mchinjaji wa Mwatate, alikuwa akipita hapo, na kisu alikuwa ameshakinoa.

"Pole sana, Mzee Crispus. Damu ikitoka mapema, sumu nayo hutoka."

Alimaliza kazi, akapewa paja lake kama kawaida, akaenda zake bila wasiwasi.

Crispus alilitazama bonde lililojaa mnanaha, akaona uchungu. Mwezi uliopita alikuwa amemwita bwana mifugo kutoka Voi. Bwana yule aliuchunguza mmea, akakuna kichwa.

"Ajabu, mzee. Mnanaha hukausha mdomo. Hilo povu linatoka wapi?"

"Huku kwetu linatoka," Crispus alimjibu kwa ukali. Watu wa vitabu walimchosha.

Basi aliokota jembe lake, akashuka bondeni kung'oa mnanaha peke yake, jasho likimtiririka, akiapa kwamba hautabaki hata mche mmoja. Nyama hakutaka hata kuionja. Sumu ni sumu.

Nyumbani sufuria ilichemka. Binti yao Wakesho, aliyejifungua juzi, alimaliza bakuli la pili la supu, akapata nguvu za kuinuka na kukusanya nepi za mtoto. Alitafuta jikoni, akatafuta uvunguni.

"Mama, ile sabuni ya kufulia iko wapi?"

"Imekwisha, mwanangu. Huyu wa leo alikuwa mbishi, amemaliza kipande kizima ndipo akatoa povu."