Sauti ya Mbwana

Fundi Matano alipoiwekea tovuti ya keki za Bi Zamda cheti kipya cha usalama, kile kinachoithibitishia kompyuta kuwa tovuti ni salama, ikagoma kufunguka kwenye kompyuta ya Bi Zamda. Akaja dukani kuitazama.

"Bi mkubwa, kompyuta yako ina kichwa kigumu kuliko wewe. Imeng'ang'ania cheti cha zamani."

"Basi ifinye sikio, mwanangu. Mimi nataka kumsikia Mbwana tu."

Mbwana, marehemu mwanawe, ndiye aliyeitengeneza tovuti hiyo. Ukiifungua, sauti yake inasema, "Karibuni keki za mama, ila msizimalize!"

Matano akafanya wanachofanya mafundi wote kabla hata ya kufikiri: akafuta kumbukumbu zote za tovuti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Tovuti ikafunguka, alama ya kufuli dogo la usalama juu, picha za keki zote zipo. Sauti hakuna.

Akaitafuta. Mbwana aliiweka kwenye akaunti yake mwenyewe ya mtandaoni, na akaunti ilishafungwa tangu alipofariki. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta hii, katika kumbukumbu alizozifuta sasa hivi.

"Mama," akasema, utani wote umemwisha. "Nimemfuta Mbwana."

Bi Zamda akaongeza sauti mpaka mwisho, akaegesha sikio kwenye spika, na kwa mkono akamwashiria Matano anyamaze.