Gamba la Tabaka la Chini

Gamba lilikuwa limedanganya watu kwa miaka thelathini.

Mtaalamu wa miamba alilipuliza vumbi, akalisogeza kwenye taa. Lilijisokota kama pembe ya kondoo dume: amonaiti, mnyama wa bahari zilizokauka kabla binadamu yeyote hajazaliwa. Kila aina yake iliishi zama zake ikatoweka, ndiyo maana gamba moja tu hutosha kutaja umri wa mwamba uliolifukia. Namba ya wino, kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa vanishi, ilisema limetoka tabaka la chini. Lakini udongo ulioganda kwenye mikunjo ulikuwa mwekundu kama wa tabaka la juu, na huko chini mwamba wote ni wa kijivu.

"Namba zimebadilishwa," alisema. "Ya hili imewekwa kwenye gamba lile la tabaka la juu, na ya lile hapa. Baba hakukosea!"

Mtunza stoo, mzee aliyefanya kazi na marehemu baba wa binti huyu, hakuinua macho. Nyuma ya mlango koti la marehemu lilikuwa bado linaning'inia. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Upepo ulipopita, mkono wake mmoja ulikwaruza ukuta.

"Walimcheka mpaka akaingia kaburini, Mzee. Eti tabaka la chini ni changa kuliko la juu! Wakamwita Bwana Mtoto Kamzaa Baba. Nani alikuwa na ufunguo wa chumba hiki?"

"Baba yako na mimi."

"Basi!"

"Tulia, mwanangu. Baba yako alimjua aliyefanya. Alimgundua wakati kitabu chake kimeshatoka. Nilimsihi amtaje. Akasema, 'Acha wanicheke mimi.' Akaniapisha."

"Akakulinda wewe."

Mzee alipangusa ukingo wa meza kwa kitambaa.

"Saa nane nina kikao na wakubwa," alisema binti, akisugua kidole gumba kama afanyavyo kila akipandwa na hasira. "Jina la baba linasafishwa leo. Lako nalipeleka mahali pake."

"Kovu hilo la kidoleni bado unalo," mzee alisema taratibu. "Wembe wa kuchongea penseli. Ulililia hapo hapo ulipokaa. Mama yako alikuwa amelazwa, baba yako akawa anakuja nawe kazini kila siku. Hata shule ulikuwa hujaanza."

"Usinihamishe kwenye hoja. Aliyefanya hivi alikuwa na papara. Aligusa vanishi kabla haijakauka. Tazama, alama ya kidole hii hapa. Lete chako!"

Mzee aliweka kidole chake mezani bila ubishi. Kilikuwa kipana, kigumu kama kwato.

Koti likakwaruza tena ukuta. Binti aliinamia lenzi.

Alama ilikuwa nzima, mistari yote imehifadhika. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, na katikati ilikatwa na ufa mmoja mwembamba, ulionyooka kama wembe.