Sura ya Mawimbi

Tangu Raya alipofariki, mama yake, Mwanahawa, hakuwa amelia. Alichukua kitabu cha fizikia cha bintiye, akaanza kujifundisha mwenyewe tangu mwanzo. Penye ugumu alifuata maneno ya penseli aliyoyaacha Raya pembeni: "Usisahau msuguano."

Asubuhi hiyo wifi yake, Hidaya, alikuja na kikapu kuchukua nguo za marehemu zitolewe sadaka.

"Na kitabu je, wifi? Shuleni wanakihitaji."

"Sijamaliza."

"Utakifanyia nini, na umri huu?"

Mwanahawa aliinamia kitabu. Alikuwa akikokotoa mwendo wa jiwe linaloanguka kutoka mnarani. Akapata jibu, akalilinganisha na la nyuma ya kitabu: sawasawa. Akangoja afurahi. Moyo haukusema kitu.

Akafunua ukurasa. Sura mpya, ya mawimbi. Pembeni hapakuwa na neno la penseli, wala kwenye kurasa zilizofuata. Raya alikuwa ameishia pale.

"Nikusubiri, wifi?" Hidaya aliuliza mlangoni, kikapu kimejaa.

"Tangulia tu."

Akasoma sentensi ya kwanza, asiielewe. Akairudia kwa sauti, polepole, kama anayemsomea mtu aliye chumba cha pili.