Salamu za Majirani

Kabla ya jeneza kushushwa, Selestina alimpa binti wa marehemu karatasi ya salamu za majirani aipitie. Binti akasimamisha kidole kwenye mstari wa kwanza: Mama Mang'ati.

"Mama mdogo, sisi ni Wadatoga. Jina hilo tulipewa na Wamaasai. Maana yake ni adui. Mama hakulipenda."

"Mbona aliniitikia miaka yote?"

"Alisema wewe hukujua."

Selestina akaizungusha bangili yake ya shaba. Marehemu aliivua mkononi mwake akamvika, siku Selestina alipofiwa na mume.

Alipoitwa mbele, aliikunja karatasi, akainamia jeneza.

"Mama Mdatoga," akaita, kwa sauti ile ile aliyozoea kumwitia pale kwenye ua wa minyaa kati ya nyumba zao.

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, hakuitikiwa.