Vijiti Vibichi

Ukame ule wa themanini na nne, nilimkuta Mama Syombua nyuma ya nyumba yake Tseikuru, akiwamba ngozi ya ng'ombe juani. Kanisa lilikuwa limenituma kukusanya maneno ya zamani.

“Mama, hivi vijiti mnaviitaje?”

“Mambo. Ndivyo vya kuwambia ngozi.” Akagongea kimoja ardhini kwa jiwe.

Niliandika upesi. Vilikuwa vyeusi, vimelainika kwa mafuta ya ngozi nyingi. Kando yake palikuwa na fungu la vingine, vibichi, bado vinatoa utomvu.

“Na hivi vina jina lingine?”

“Ni mambo tu, mwanangu. Nimevichonga asubuhi.”

“Mbona huvitumii?”

Aligeuka, akamtazama ng'ombe mwekundu aliyelala kando ya ua.

“Bado anapumua.”