Aunsi Kumi na Nne

Yonathani aliandika kumi na sita, akaifuta kwa raba, akaiandika tena, kisha akaitazama kama mtu anayemtazama nyoka asijue kama amekufa au amelala.

Swali la saba lilikuwa jepesi kwa macho: ratili moja ina aunsi ngapi?

Ulikuwa mtihani wa darasa la sita, Igamba, mwaka wa 1947. Aliyefaulu alikwenda chuo. Aliyetoka chuo na cheti alilipwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Wasio na cheti waliambulia kumi na tano za Baraza la wenyeji, pungufu ya tarishi wa boma, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba bahasha asizoweza kuzisoma.

Hesabu hiyo mzee Kefa aliijua vizuri. Posa ya binti yake Elina ilipofika kwake, alimwita Yonathani.

"Mwandiko wako mzuri, mwanangu," alimwambia. "Lakini Elina hatakula mwandiko. Niletee cheti. Mwaka ukiisha mikono mitupu, yupo mpishi wa mzungu wa kahawa anauliza uliza."

Mwaka ulikuwa umebakiza wiki sita.

Namba mbili zilipigana kichwani mwake. Kumi na sita aliiona juzi tu, katika kitabu cha kuazima. Kumi na nne alikuwa nayo tangu ujana, alipopima sukari katika duka moja la Tunduma. Huko ratili ilikuwa aunsi kumi na nne miaka mitatu mfululizo, na mwenye duka alinenepa.

Kushoto kwake alikaa Anyitike, kijana aliyesifiwa kwa hesabu Mbozi nzima. Asubuhi ile alikuwa amempisha Yonathani upande wa dirisha, penye mwanga. Ndiyo ilikuwa adabu yake. Yonathani alijua kuibia ni aibu. Mara nyingi alikuwa amewaonya wengine. Lakini macho hayana pazia.

Anyitike alikuwa ameandika kumi na nne, bila alama ya raba.

Yonathani akaifuta kumi na sita kwa mara ya mwisho.

Nje, alishindwa kujizuia. "Lile la saba umeandika ngapi?"

"Kumi na nne," Anyitike akajibu, akishangaa kuulizwa. "Kwani iko nyingine?"

"Hakuna."

Yonathani akarudi nyumbani akipiga mluzi, akapitia hata kwa mzee Kefa kumsalimu.

Wiki ya tano mkaguzi alifika shuleni kwao kwa baiskeli, matokeo mfukoni. Darasa zima likasimama.

"Anyitike umefaulu," alisema. "Januari unaingia chuo. Yonathani, pole. Umepungukiwa alama moja."

Kisha akatandaza karatasi juu ya meza, akakuna kidevu.

"Igamba walikaa watu themanini. Wote wanajua ratili ina aunsi kumi na sita, isipokuwa kumi na wawili wa shule hii. Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, hadi wa mwisho. Nataka kujua, nani aliwafundisha hivi?"

Wanafunzi kumi na mmoja wakageuka polepole, kwa adabu, wakamtazama Yonathani, aliyekuwa amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi.